Utambuzi wa Hitilafu za Giaboksi ya Otomatiki

Gari dogo la abiria linaanza kupanda mlima wa Kitonga, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Hapa mlimani dereva anakanyaga mafuta, injini inavuma kwa nguvu, lakini mwendo hauongezeki. Kesho yake fundi analizungusha gari mara moja uwanjani, kisha anatoa hukumu ya maneno mawili: giaboksi imekufa. Mwenye gari anaanza kutafuta fedha za kununulia giaboksi nyingine iliyokwisha kutumika.

Huenda hukumu hiyo ni sahihi. Huenda pia giaboksi ile ina upungufu wa lita moja ya mafuta. Dalili ni ile ile kwa hali zote mbili, bali gharama zake zimetengana kama ardhi na mbingu. Magari mengi yaingiayo Afrika ya Mashariki kutoka Japani yakiwa yametumika yana giaboksi ya otomatiki, na kwa hiyo swali hili huwakabili watu wengi. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari zinavyoweza kutenganisha hitilafu ndogo na kubwa kabla ya bolti hata moja kufunguliwa.

SEHEMU KUU ZA GIABOKSI

Giaboksi ya otomatiki ina sehemu nne ambazo hapana budi zifahamike.

Sehemu ya kwanza ni konveta, nayo hukaa kati ya injini na gia. Kazi yake inafanana na ile ya feni mbili zinazotazamana: feni ya kwanza ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili ingawa hazigusani. Ndani ya konveta mafuta hushika nafasi ya upepo. Kati ya magurudumu hayo mawili kuna gurudumu la tatu lenye mapanga yanayoelekeza upya mtiririko wa mafuta, hata nguvu ya kuzungusha ikaweza kukua kiasi cha mara mbili wakati gari linapoanza kuondoka. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, alipata hataza ya chombo hiki mwaka 1905, akikusudia kitumike katika meli.

Sehemu ya pili ni gia za sayari. Katikati huwa na gia ya jua. Kuizunguka huwa na gia ndogo za sayari zilizofungwa katika fremu moja. Na nje huwa na gia ya pete yenye meno kwa ndani. Gia hizi huwa zimeshikana daima. Kinachobadilika ni sehemu ipi inazuiwa isizunguke na ipi inazungushwa.

Sehemu ya tatu ni klachi na bendi, ambazo ndizo zinazoshika na kuachia sehemu za gia za sayari. Klachi ni bamba kadhaa za duara zinazobanwa pamoja na pistoni inayosukumwa na mafuta. Bendi ni mkanda wa chuma unaolibana pipa kwa nje.

Sehemu ya nne ni mfumo wa mafuta, wenye pampu, chujio na vali zinazoamua mafuta yaende klachi ipi. Katika magari ya zamani vali hizo ziliongozwa na mwendo wa gari na mkazo wa injini. Katika magari ya leo huongozwa na kompyuta kupitia solenoidi, ambazo ni koili za waya zinazofungua na kufunga njia za mafuta kwa nguvu za sumaku-umeme.

HESABU YA GIA ZA SAYARI

Chukua mfano wa gia ya jua yenye meno 30 na gia ya pete yenye meno 60. Iwapo pete imezuiwa, jua linazungushwa na injini, na fremu ya sayari ndiyo inayotoa mwendo, uwiano ni:

1 + (60 ÷ 30) = 3

Maana yake ni kwamba injini huzunguka mara 3 ili fremu izunguke mara 1. Mwendo umepungua, lakini nguvu ya kuzungusha imekuwa mara tatu. Hiyo ni gia ya kuondokea. Ikiwa ni fremu iliyozuiwa na pete ndiyo inayotoa mwendo, uwiano huwa 60 ÷ 30 = 2, na mwelekeo hugeuka kinyume. Hiyo ni gia ya kurudi nyuma. Ikiwa sehemu mbili zimefungwa pamoja, seti yote huzunguka kama kitu kimoja, na uwiano huwa 1.

Kwa hiyo, seti ile ile hutoa gia mbalimbali bila meno kuachana. Hapa pana jambo la maana kwa mchunguzi: gari linapoteleza, mara nyingi meno ya gia ni mazima kabisa. Kilichoshindwa ni kushika.

KWA NINI GARI LITELEZE MLIMANI TU?

Blaise Pascal, mwanasayansi wa Kifaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungiwa husambaa kwa usawa pande zote. Hiyo ndiyo kanuni inayoiendesha pistoni ya klachi.

Chukulia kwamba pampu inatoa kanieneo ya Paskali 1,000,000, na pistoni ina eneo la sentimeta za mraba 100, yaani mita ya mraba 0.01. Kani inayobana bamba ni:

1,000,000 × 0.01 = Nyutoni 10,000

Kani hiyo inakaribia uzito wa kitu cha tani moja. Klachi ikiwa na nyuso 6 za msuguano, kizigeu cha msuguano kikiwa 0.1, na nusukipenyo cha wastani kikiwa mita 0.06, nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuistahimili ni:

6 × 0.1 × 10,000 × 0.06 = Nyutoni-mita 360

Sasa kanieneo ipungue kwa nusu. Uwezo wa klachi nao unakuwa nusu, yaani Nyutoni-mita 180. Ikiwa tambarare inahitaji Nyutoni-mita 100, dereva hatatambua lolote. Mlima ukihitaji 250, klachi itateleza. Gari halikuharibika mlimani. Mlima umefichua udhaifu uliokuwapo tangu mwanzo.

Kuna hesabu moja zaidi, nayo ndiyo inayomhusu dereva moja kwa moja. Ikiwa klachi hiyo inateleza kwa tofauti ya mizunguko 1,000 kwa dakika, ambayo ni takriban radiani 105 kwa sekunde, joto linalozalishwa ni:

180 × 105 = wati 18,900

Hilo ni sawa na joto la pasi 19 za umeme, kila moja ya wati 1,000, zilizowashwa ndani ya chombo kidogo cha chuma. Nyuso za msuguano huungua kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana dereva anayeendelea kukanyaga mafuta ili afike kileleni anaweza kuugeuza upungufu wa lita moja ya mafuta kuwa giaboksi iliyokufa kweli.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Kanuni ya uchunguzi ni hii: huanzwa na jaribio rahisi lisilo na gharama, na kila jaribio lichaguliwe ili lipunguze idadi ya sababu zinazowezekana. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Kuuliza. Hitilafu ilianza ghafula au polepole? Hutokea gari likiwa baridi au likiwa moto? Katika gia zote au moja? Hitilafu inayoonekana asubuhi tu na kutoweka gari likipata moto aghalabu hutokana na sili za mpira zilizokakamaa, ambazo hulainika kwa joto. Hitilafu inayokuja gari likiwa moto huelekea kwenye pampu au sehemu zilizolika, kwa kuwa mafuta yakipata joto mnato wake hupungua, nayo hupenya kwa urahisi katika nyufa. Iulizwe pia kama mafuta ya giaboksi yalibadilishwa karibuni, na yaliyotiwa ni ya aina gani.

Hatua ya 2: Kupima mafuta. Katika magari mengi yenye kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, kipimo huchukuliwa gari likiwa mahali tambarare, mafuta yakiwa moto, injini ikiunguruma taratibu, na mkono wa gia ukiwa katika P baada ya kupitishwa katika nafasi zote. Hata hivyo wako watengenezaji wanaotaka injini izimwe kwanza, na magari mengi mapya hayana kijiti kabisa bali kizibo cha kupimia kilicho chini. Kitabu cha gari husika ndicho kinachofuatwa. Mafuta hutanuka yakipata joto. Kwa hiyo anayepima gari likiwa baridi na kujaza hadi alama ya moto atakuwa amezidisha.

Upungufu huifanya pampu ifyonze hewa. Ziada huyafanya mafuta yapigwe na gia hadi yatoe povu. Matokeo ni mamoja, kwa sababu hewa hugandamizwa kwa urahisi na kanieneo hushuka.

Rangi na harufu nazo husema. Mafuta ya otomatiki ya kawaida aghalabu hutiwa rangi nyekundu yakiwa mapya. Rangi ya kahawia nzito yenye harufu ya kuungua huonyesha klachi zilizopata joto kupita kiasi. Rangi ya maziwa yenye wekundu hafifu huonyesha maji, ambayo mara nyingi hupenya kutoka kwenye rejeta, mahali mafuta ya giaboksi yanapopozwa. Chembe za chuma zinazometameta zikionekana kwa wingi, kuna sehemu ngumu inayosagika. Ifahamike kwamba kubadilisha mafuta hakurudishi nyuso za klachi zilizokwisha kuungua.

Hatua ya 3: Kupima muda wa kushika. Breki zikiwa zimekanyagwa na injini ikiunguruma taratibu, mkono wa gia huhamishwa kutoka N kwenda D, na muda hupimwa kwa saa hadi mshtuko mdogo usikike. Kisha hufanywa vivyo hivyo kutoka N kwenda R. Vitabu vya ufundi vya giaboksi kadhaa za Toyota za gia 4 huweka kikomo cha sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Ucheleweshaji katika nafasi zote mbili huelekeza kwenye kanieneo ya mfumo mzima. Ucheleweshaji katika nafasi moja huelekeza kwenye klachi au bendi ya nafasi hiyo.

Hatua ya 4: Jaribio la barabarani. Hapa mchunguzi huhitaji jedwali linaloonyesha ni klachi ipi inafanya kazi katika gia ipi. Mfano ufuatao ni wa giaboksi ya gia 3 yenye mpango wa Simpson, uitwao hivyo kwa jina la mhandisi wa Kimarekani Howard Simpson. Mpango huo huunganisha seti mbili za sayari kwa gia moja ya jua. K1 na K2 ni klachi, B1 na B2 ni bendi, na U ni klachi ya upande mmoja, ambayo huzuia mzunguko kwa upande mmoja na kuuruhusu kwa upande wa pili.

Jedwali 1
D, gia ya 1: K1 na U
D, gia ya 2: K1 na B1
D, gia ya 3: K1 na K2
L, gia ya 1: K1 na B2 (ikisaidiana na U)
R: K2 na B2

Sasa gari fulani linakwenda vizuri katika gia ya 1 na ya 2, lakini linateleza katika ya 3, na pia linateleza linaporudi nyuma. Gia ya 1 na ya 2 zinathibitisha kwamba K1, U na B1 ni nzima. Kinachoshirikiwa na gia ya 3 na R ni K2 peke yake. Mshukiwa amepatikana bila kufungua kitu. Gari lingine halina mwendo wowote katika D wala L, lakini linarudi nyuma bila tatizo: hilo ni K1. La tatu haliendi mbele wala nyuma. Hapo si busara kushuku klachi zote kwa pamoja. Kwanza hutazamwa kile kinachozihudumia zote, yaani mafuta, chujio, pampu, na kebo inayounganisha mkono wa gia na giaboksi.

Giaboksi za kisasa zina gia 4, 6 na zaidi, na kila moja ina jedwali lake katika kitabu cha ufundi. Mantiki haibadiliki.

Hatua ya 5: Umeme. Kompyuta ya gari inapogundua kasoro, mara nyingi huiweka giaboksi katika gia moja ili kuilinda. Dereva huona kwamba gari limekuwa zito na halibadili gia, akadhani chuma kimevunjika. Kifaa cha kusomea kompyuta hutoa alama yenye herufi P na tarakimu nne. P0700 husema tu kwamba kuna kasoro upande wa giaboksi. P0730 husema uwiano wa gia si sahihi. P0750 huhusu solenoidi ya kubadilishia gia. Alama hizo hutaja mahali pa kutazama. Hazitaji kifaa cha kununua. Solenoidi za kubadilishia gia za magari mengi ya Toyota huwa na ukinzani wa om 11 hadi 15. Iwapo kipimo kinaonyesha ukinzani usio na kikomo, waya umekatika mahali fulani, na kanuni ya Ohm inaeleza sababu ya solenoidi kutofanya kazi.

Hatua ya 6: Kanieneo. Katika giaboksi nyingi kuna tundu lenye kizibo ambamo geji hufungwa. Kanieneo ikiwa ndogo katika gia zote, hutazamwa chujio, pampu na vali ya kudhibiti kanieneo. Ikiwa ndogo katika gia moja tu, kuna uvujaji katika njia ya gia hiyo, mara nyingi kwenye sili ya pistoni. Ikiwa ni kamili na klachi bado inateleza, nyuso za msuguano zimekwisha. Hapo ndipo kufungua giaboksi kunapostahili.

Kuna jaribio jingine ambalo mafundi hulifanya, nalo ni kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa katika D na breki zimeshikiliwa, ili kusoma kikomo cha mizunguko ya injini. Jaribio hilo huzalisha joto jingi, halipaswi kuzidi sekunde 5, na baadhi ya watengenezaji wamelikataza. Lisifanywe kamwe na mwanafunzi. Kadhalika, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

MAMBO YANAYOPOTOSHA

Si kila mshtuko unatoka katika giaboksi. Mpira wa kushikilia injini ukipasuka, gari hugonga linapoingizwa gia. Injini inayounguruma kwa mizunguko mingi kupita kawaida huleta mshtuko huo huo. Plagi mbovu huleta mtikisiko mlimani unaofanana na klachi inayoshika na kuachia. Breki iliyokwama hulifanya gari liwe zito. Tofauti hujulikana kwa kipimo cha mizunguko ya injini: giaboksi ikiteleza, mizunguko hupanda bila mwendo kuongezeka, injini ikiwa dhaifu, mizunguko yenyewe hukataa kupanda.

Aina ya giaboksi nayo ijulikane mapema. Magari mengi madogo ya leo hayana gia za hatua kama zilizoelezwa hapa, bali mkanda wa chuma unaopita katika puli mbili zinazobadilika upana. Giaboksi hizo huitwa CVT, na hutumia mafuta yake maalumu. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yakitiwa humo, mkanda huweza kuteleza juu ya puli na kuharibu vyote viwili.

DEREVA WA KITONGA

Dereva aliyetajwa mwanzoni alipaswa kufanya nini? Injini ilipovuma bila mwendo kuongezeka, alipaswa kuachia pedali ya mafuta, kuegesha mahali salama, kuliacha gari lipoe, kisha kutazama kama kuna mafuta yanayodondoka chini na kupima kiasi kilichobaki. Na fundi aliyemhukumia alipaswa kuulizwa maswali matatu: mafuta yalikuwa kiasi gani na rangi gani? Utelezi ulikuwa katika gia zipi? Kanieneo ilipimwa ikawa ngapi? Fundi aliyefanya uchunguzi wake atajibu mara moja. Yule asiye na jibu bado hajachunguza.

MAZOEZI

1. Gia ya jua ina meno 30 na ya pete ina meno 66. Tafuta uwiano wa gia ya kuondokea pete ikizuiwa, na wa gia ya kurudi nyuma fremu ikizuiwa.

2. Kwa kutumia Jedwali 1: gari limesimama, mkono wa gia ukiwekwa D haliondoki. Ukiwekwa L linaondoka vizuri, na R vilevile. Ni kifaa gani kimeshindwa?

3. Kompyuta imetoa alama P0750. Solenoidi ikipimwa kwenye ncha zake ina om 13, lakini ikipimwa kutoka kwenye plagi ya kompyuta ukinzani hauna kikomo. Hitilafu iko wapi? Kwa betri ya volti 12, mkondo ungekuwa kiasi gani kama mfumo ungekuwa mzima?

Majibu: (1) 3.2 na 2.2. (2) U, katika L bendi B2 hushika nafasi yake. (3) Waya umekatika kati ya kompyuta na solenoidi. Mkondo ungekuwa takriban ampea 0.92.